Nani Akae Katikati, Nani Abaki Pembeni

Kipupwe kimeingia. Huku Mbweni upepo wa kusi unavuma tangu kabla ya adhana ya alfajiri, na wavuvi wanaoshusha samaki ufukweni wamevaa makoti ambayo mtu aliyezoea baridi ya Makete angeyacheka. Kwa wengi wetu hii ndiyo hali ya hewa tunayoingoja mwaka mzima: jasho limepungua, feni zimezimwa, usiku unalalika. Lakini kwenye nyumba yenye mtoto wa selimundu, huu ni msimu wa kulala sikio likiwa wazi. Mtoto kalala mzima; saa kumi alfajiri anaamka ameshika magoti, analia mifupa inamuuma.

Jirani yangu mmoja, mama wa mtoto wa aina hiyo, alinisimamisha juzi nje ya duka. "Kaka, wewe mtu wa redio, hebu niambie. Daktari anasema shida ya mwanangu ni damu. Haya, nimekubali. Sasa baridi na damu wapi na wapi?"

Nikamwambia, "Dada, hilo halijibiki kwa dakika mbili tukiwa tumesimama juani. Sikiliza redio."

Basi leo namjibu, na jibu lenyewe halianzii hospitali. Linaanzia kwenye swali ambalo watu wa fizikia wamelihangaikia kwa karibu miaka 200: ukiwa na kimiminika chenye chembe nyingi zinazoelea ndani yake, ukakipitisha kwenye bomba jembamba, zile chembe zinakaaje? Zinatapakaa ovyo, au kila moja ina mahali pake?

Tuanze na damu. Tumezoea kuiona kama maji mekundu, na sivyo ilivyo. Ukiondoa kila kinachoelea ndani yake unabaki na plazma, umajimaji wa manjano hafifu. Wekundu wote ni wa seli. Na hizo seli si haba: kwa mtu mzima mwenye afya zinachukua karibu asilimia 40 hadi 45 ya ujazo wa damu. Kwenye maikrolita moja, ambayo ni ndogo kuliko tone linalotoka ukitobolewa kidole, mna seli nyekundu kama milioni 5, chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000, na seli nyeupe elfu chache tu. Mchanganyiko wowote wenye vitu vigumu kwa kiasi hicho ungekuwa tope, tena tope zito. Damu haiwi tope kwa sababu seli nyekundu si ngumu. Ni laini ajabu. Upana wake ni kama maikroni 8, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Vishipa vyembamba kuliko vyote mwilini, yaani kapilari, vile vinavyofikisha hewa kwenye nyama na mifupa, vina upana wa maikroni 5 hadi 10. Ina maana seli mara nyingi inatakiwa kupita mahali palipo pembamba kuliko yenyewe. Inajikunja, inapita moja moja, ikifika upande wa pili inajikunjua. Inafanya hivyo maisha yake yote, siku kama 120.

Mfaransa mmoja, daktari Jean Poiseuille, ambaye wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanalijua jina lake kwa kanuni ya mtiririko kwenye mabomba, katika miaka ya 1830 alitazama mishipa ya chura kwa hadubini. Aliona jambo linaloonekana dogo: seli nyekundu zilikuwa zinapita katikati, na kandokando ya ukuta wa mshipa pana utepe mwembamba wa plazma tupu. Hakuna aliyeziambia zikae katikati.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1931, Robin Fåhræus wa Sweden na mwenzake Torsten Lindqvist wakapima kitu kinachopingana na akili ya kawaida. Walipitisha damu kwenye mirija ya kioo, wakawa wanapunguza upana wake. Ungetegemea kwamba kadiri mrija unavyokuwa mwembamba, damu nayo ingezidi kuwa nzito na kukwama. Ilikuwa kinyume. Chini ya upana wa milimita 0.3 hivi, damu ilianza kupita kana kwamba imekuwa nyepesi, na iliendelea kuwa nyepesi kadiri mrija ulivyozidi kuwa mwembamba. Sababu ni ule utepe wa Poiseuille. Seli zikishajikusanya katikati, kinachosuguana na ukuta ni plazma peke yake, na plazma inateleza. Kwenye mrija mpana utepe huo ni kitu kidogo mno. Kwenye mrija mwembamba unachukua sehemu kubwa ya nafasi yote. Fåhræus huyo, kwa taarifa yako, ni mmoja wa waliotuachia pia kipimo cha ESR, kile cha kuacha damu isimame kwenye mrija na kuangalia seli zinazama kwa kasi gani.

Hapo mtu atasema: sawa, seli ni kitu hai, huenda ina namna yake. Ndiyo maana napenda jaribio la mwaka 1961 la Segré na Silberberg, watafiti wa Taasisi ya Weizmann kule Israeli. Wao hawakuwa na damu. Walichukua bomba nyoofu lenye upana wa kama sentimeta moja na vitufe vidogo vya plastiki, vigumu, visivyo na uhai wala matakwa. Uzito wa vitufe ulilinganishwa na wa kimiminika ili visizame wala visipande juu. Vikaingia bombani vimetawanyika kila mahali. Vilipokwenda umbali wa kutosha, vilikuwa vimejipanga kwenye duara moja: si katikati, si ukutani, bali sehemu sita kati ya kumi za safari kutoka katikati kwenda ukutani. Vyote hapo.

Kinachotokea ni hivi. Ndani ya bomba, kimiminika cha katikati kinakwenda kasi kuliko chote na kile kinachogusa ukuta kimesimama. Kitufe kilichokaa baina ya hapo upande wake mmoja unapitiwa na mwendo mkali na upande wa pili mwendo mdogo, na kwenye mwendo wa kutosha hali hiyo inakisukuma kwenda nje. Kikikaribia ukuta, kimiminika kilichobanwa kati yake na ukuta kinakirudisha ndani. Misukumo miwili inapolingana, kitufe kinatulia. Mwaka 2007 timu ya Dino Di Carlo huko Marekani ilionyesha kwamba kwenye vijifereji vya mraba vyenye upana wa makumi ya maikroni, vilivyochongwa kama vinavyochongwa vifaa vya kompyuta, chembe zinajipanga kwenye mistari na kuachiana nafasi zinazolingana.

Lakini tusichanganye mambo. Kile cha Segré na Silberberg kinahitaji kasi. Kwenye kapilari zetu damu inatembea chini ya milimita moja kwa sekunde, polepole mno kwa msukumo huo kufanya kazi. Huko kinachoamua ni ulaini. Kitu laini kikipita karibu na ukuta kinavutwa kikageuka umbo, na kule kugeuka umbo kunakipeleka mbali na ukuta. Kitu kigumu hakina bahati hiyo.

Kwa anayepita Barabara ya Bagamoyo asubuhi, picha hii si ngeni. Pale Tegeta Kibaoni malori ya saruji yanayotoka Wazo yanashika barabara. Bodaboda haikukusudia kukaa kwenye vumbi la pembeni. Kila ikijaribu kuingia kati, lori linasogea, inarudishwa. Mwisho inatembea kandokando mpaka Mwenge. Chembe sahani zinafanyiwa hivyo hivyo na seli nyekundu. Ni ndogo, ni ngumu zaidi, zinapigwa vikumbo na lile kundi la katikati mpaka zinaishia kwenye utepe wa ukutani. Na seli nyeupe nazo, kwenye mishipa midogo inayotoka kwenye kapilari, zinasogezwa huko huko. Tofauti ni kwamba bodaboda ina dereva anayelalamika, na kwamba damuni kule kutupwa pembeni ndiko kunakotuokoa. Ukijikata na kisu cha kuparia samaki, ukuta wa mshipa ndio unaopasuka, na chembe za kuziba pengo ziko pale pale. Vijidudu vikiingia, askari wako wameshaegemea ukuta. Kama zingekuwa zinaelea katikati ya msafara, zingepita bila hata kujua kuna tatizo.

Sasa turudi kwa jirani yangu, yule dada wa dukani.

Mtoto wa selimundu ana himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya seli nyekundu, iliyobadilika kidogo sana. Inapobeba hewa haina neno. Ikishaiachia hewa, molekuli zake zinaanza kushikana, zinatengeneza nyuzi ndefu ndani ya seli, na zile nyuzi ndizo zinazoipinda seli ikawa na umbo la mundu. Watu wengi wanashika hilo la umbo. Mimi naona lililo zito zaidi ni kwamba seli imekuwa ngumu. Haikunjiki. Na seli ngumu, kwa mpangilio tuliousema, haikai katikati. Inasukumwa pembeni, kwenye utepe uliokuwa wa kuteleza, inagusa ukuta, inanata, inakutana na seli nyeupe ambazo tayari ziko huko. Nyuma yake zinakuja nyingine. Mshipa unaziba, na mfupa uliokuwa unangoja hewa unaanza kulia.

Ila kushikana huko hakutokei papo hapo. Kuna muda wa kungoja tangu hewa ilipoachiliwa mpaka nyuzi zijae. Kupita kwenye kapilari kunachukua sekunde moja au mbili hivi. Seli ikiwahi kutoka kwenye mshipa mwembamba kabla muda huo haujaisha, inarudi mapafuni, inabeba hewa, na hatari imepita. Ikichelewa ndani, inaganda ndani. Kwa hiyo kila dakika ya maisha ya mtoto huyo mwilini mwake kuna mashindano: muda wa kuganda na muda wa kupita. Kwa kawaida muda wa kupita unashinda, na ndiyo maana anacheza mpira kama wenzake.

Baridi inaingia hapo. Ngozi ikipata baridi, mishipa midogo inajibana ili mwili usipoteze joto. Njia zinapungua, mwendo unapungua, seli inachelewa. Dada, hiyo ndiyo wapi na wapi yake.

Maji nayo. Daktari anaposema "anywe maji mengi", wazazi wengine wanaona ni maneno ya kuagana tu. Si ya kuagana. Seli ikipungukiwa maji, himoglobini ndani yake inasongamana, na ule muda wa kungoja unapungua vibaya sana, si kidogo kidogo. Msongamano ukiongezeka kwa kiasi ambacho usingedhani kina maana, muda unakatika mara kadhaa. Mtoto anayetapika, anayeharisha, au aliyeshinda juani pwani bila kunywa kitu, anaingia kwenye yale mashindano akiwa ameshachelewa. Dawa ya haidroksiyurea nayo, kwa sehemu kubwa, inafanya kazi kwa kununua muda: inaufanya mwili urudi kutengeneza himoglobini ya kichanga, ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haikubali kushikana na wenzake. Dawa hiyo si ya kujinunulia. Inatolewa na kufuatiliwa na daktari kwa vipimo vya damu.

Hapa nchini inakadiriwa wanazaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye selimundu, na tuko miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani. Pale Muhimbili, tangu mwaka 2004, kuna mpango wa kuwasajili na kuwafuatilia wagonjwa hawa ambao umekuwa miongoni mwa mikubwa duniani, na Profesa Julie Makani aliyeuongoza alipewa tuzo ya Royal Society ya Uingereza mwaka 2011. Sisi wa huku mwisho wa Kinondoni tunaishi mbali kidogo na Upanga iliko Muhimbili, lakini tumo kwenye hesabu hiyo.

Kwa nini sisi, na kwa nini pwani? Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya akaenda kusoma Oxford, alizunguka Kenya mwaka 1949 akikusanya damu. Akaona kwamba karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria, katika baadhi ya jamii zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa amebeba nusu ya urithi wa selimundu. Milimani, karibu hakuna. Ramani hiyo ilikuwa ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyebeba nusu, yaani amerithi kwa mzazi mmoja tu, anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Maelezo mojawapo ya kinga hiyo yanaturudisha kwenye njia nyembamba. Bandama ina nyufa zenye upana wa kama maikroni moja, na kila seli nyekundu inalazimika kupenya humo. Seli ya mtu huyo ikiingiwa na mdudu wa malaria inakuwa ngumu upesi, inashindwa kupenya, inakamatwa na kuharibiwa pamoja na mdudu wake. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili hakingwi namna hiyo. Bandama yake mwenyewe inazibwa na seli ngumu na kufa akiwa bado mdogo, na ndiyo sababu malaria na vichomi vinamuua kirahisi kuliko wengine.

Nimetaja malaria, basi niseme na kile kipimo cha haraka, MRDT, maana nacho ni mfereji mwembamba wenye chembe zinazopita, tena huu unaweza kuutazama kwa macho yako ukiwa umekaa kwenye benchi la zahanati. Ndani ya kile kikasha cheupe mna ukanda wa karatasi maalumu yenye vitundu vya maikroni chache. Muuguzi anaweka damu kidogo sana kwenye tundu moja, kama maikrolita 5, kisha anadondosha matone ya dawa kwenye tundu lingine. Matone yanaloweka ukanda na kuanza kutambaa. Njiani yanachukua chembe za dhahabu. Ndiyo, dhahabu, ndogo kiasi kwamba rangi yake inageuka nyekundu, na kila moja imevikwa kingamwili inayokamata protini ya mdudu wa malaria. Tazama vizuri utaona wimbi la waridi likipanda ukandani. Kama protini ipo, dhahabu inaikamata, na vyote viwili vinanaswa kwenye mstari ambapo kingamwili nyingine imepakwa ikisubiri. Chembe zilizokuwa zimetapakaa zinajipanga mstari mmoja mwembamba, na rangi inajitokeza. Zisizonaswa zinaendelea mpaka mstari wa pili, ule wa kuthibitisha kwamba maji yamefika.

Ndiyo maana muuguzi anakuambia ungoje dakika 15 au 20, na ndiyo maana mtu anayeongeza matone kwa haraka zake anaharibu. Mtiririko ukizidi kasi, chembe zinapita bila kunaswa. Ukisoma mapema, hazijafika. Ukisoma kesho yake, karatasi imekauka na inaweza kuonyesha mstari wa uongo. Na usishangae umemaliza dozi, umepona, na kipimo bado kinaonyesha malaria: ile protini inabaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Hapo daktari atatumia hadubini.

Ninachotaka kusema leo kinatoka kwenye ukanda huo huo. Siku hizi kuna vipimo vya karatasi vya selimundu, vinavyofanya kazi kwa mtiririko wa aina ile ile, kwa tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga, bila mashine na bila umeme. Baadhi yavyo vinasomwa kinyume cha MRDT: mstari ukikosekana ndipo himoglobini hiyo ipo. Muuguzi aliyezoea malaria lazima afundishwe, la sivyo atampa mama jibu la mtu mwingine. Hilo ni jambo la mafunzo ya muda mfupi. Mtoto anayezaliwa Mbweni, Bunju au Mabwepande analetwa kliniki kwa chanjo ya BCG akiwa mchanga kabisa; tone lichukuliwe siku hiyo hiyo, kwenye kila kituo, si kwenye hospitali kubwa tu. Atakayekutwa na ugonjwa aanzishiwe penisilini ya kila siku akiwa na miezi miwili au mitatu na aendelee nayo mpaka afikishe miaka 5, kwa kuwa katika miaka hiyo bandama yake haiwezi kumlinda.